Mia na moja je, mjomba?

Barua ya uhamisho imetoka, harusi ya Jumamosi imekwisha salama, na mimi bado nimekwama kwenye maneno ya barazani, hapa Ngamiani. Mpwa wangu wa kidato cha pili aliuliza:

"Mjomba, milioni moja na moja ni namba tasa?"

"Tasa."

"Umejaribu mpaka ngapi?"

"Mpaka tisini na saba."

"Na mia na moja je, mjomba?"

"Haina haja."

"Haya."

Hiyo "haya" ndiyo inayonichoma.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, basi nilikuwa natafuta chochote cha kuigawa. Mwanzo haukuwa mbaya. 1,000,001 inaishia na 1, basi 2 na 5 hazimo. Jumla ya tarakimu ni 2, basi 3 nayo haimo. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia ya mkato, kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001: kata tarakimu tatutatu kutoka kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu. 001 toa 000 ongeza 1 ni 2, na 2 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo. Zilizobaki nikazigawa moja moja, 17, 19, 23, mpaka namba tasa 25 za chini ya 100 zikaisha.

Kosa liko hapo. Orodha ya hizo 25 inatosha kwa namba isiyofika 10,201 tu, yaani 101 × 101. Kwa milioni moja na moja lazima ufike kwenye kipeuo chake cha pili, 1,000 na chembe, na chini ya 1,000 kuna namba tasa 168. Nilisimama kwenye ya 25. Ya 26 ni 101.

1,000,001 = 101 × 9,901. Hatua moja!

Kisha jana usiku, umeme umekatika, nikajikuta nacheka. Kumbe namba hii ni 100 kwa kipeo cha tatu, ongeza 1 kwa kipeo cha tatu, na jumla ya namba mbili za kipeo cha tatu hugawanyika daima kwa jumla ya namba zenyewe: 100 + 1. Upande wa pili ni 10,000 toa 100 ongeza 1. Bilioni moja na moja nayo chali, 1,001 × 999,001, bila kushika kalamu. Na 9,901 haifiki 10,201, kwa hiyo orodha ile ile iliyoniaibisha inatosha kuipima. Hakuna inayoigawa, hiyo ndiyo tasa.

Kupima kwa 101 ni kukata mbilimbili: 01 toa 00 ongeza 00 toa 1. Sifuri. Sidhani kama mtoto alikuja kuuliza bila kulijua hilo.

Mnazi wa nyuma umezidi kuegemea paa la jikoni, na kusi limeanza. Mkwezi anasema mpaka Alhamisi.