Laini chini ya kiwiko, ngumu chini ya bunduki: ninavyoipanga meza ya zege uwanjani

Viwanja vya shabaha vya umma hapa Marekani, vile vinavyosimamiwa na idara za wanyamapori za majimbo na kugharimiwa kwa sehemu na kodi ya bunduki na risasi ambayo sheria ya mwaka 1937 iliitengea kazi ya wanyamapori, mara nyingi huwa na meza za zege. Kwa mwenye kiwanja zege ni chaguo zuri, kwa sababu haliozi na hakuna wa kulibeba. Kwa mpigaji ni msasa mtupu. Linachubua viwiko, linakwangua vanishi ya kitako cha bunduki, ile mbao inayokaa begani, na mtutu ukigonga ukingo wake unabaki na kovu.

Wengi hutandika zulia au sponji nene juu ya meza nzima. Mimi silikubali hilo hata kidogo. Mwili unataka ulaini, lakini bunduki inataka kitu kisichotikisika. Vyote viwili vikikaa juu ya sponji moja, kila ukiegemeza kiwiko, kiegemeo kinachobeba bunduki nacho kinasogea, alama ya darubini inapanda na kushuka, na matundu kwenye karatasi yanajipanga wima hata kama umefyatua vizuri. Kwa hiyo matandiko yangu yana pengo katikati: zege tupu kwa ajili ya kiegemeo cha mbele na mfuko wa mchanga wa nyuma, unaokaa chini ya kitako, na vipande viwili pembeni kwa ajili ya viwiko.

Kila kipande kina upana wa sentimita 30 na urefu wa 40. Ndani naweka sponji isiyonyonya maji, aina ya mkeka wa yoga, unene wa milimita 10. Sponji ya godoro haifai. Inadidimia mpaka kiwiko kinagusa zege, na ikilowa inabaki na maji siku nzima. Juu naivalisha turubai au dengrizi nzito, nikiibandika kwa gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri dakika kumi mpaka gundi isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukiwa na haraka kitambaa kitafanya mikunjo, na mkunjo chini ya kiwiko unauma kama kokoto. Chini nabandika ule wavu wa plastiki wa kutandika kwenye droo za jikoni, kwa sababu zege lina vumbi na sponji tupu huteleza. Wavu huo usiguse bunduki kamwe. Ukikaa juu ya vanishi kwenye joto, unaganda na kuacha alama.

Kiegemeo changu cha mbele kina miguu mitatu yenye ncha. Chini ya kila ncha naweka washa nene ya chuma, ncha iingie kwenye tundu lake, hapo hakihami. Bunduki hulala kwenye kiegemeo kwa mbao yake ya mbele, siyo kwa mtutu. Mtutu ukiegemezwa, mtetemo wake unabadilika na risasi inahama shabaha. Angalia pia pete ya mkanda iliyo chini ya mbao: iwe mbele ya mfuko wa kiegemeo hicho kwa sentimita nne au tano, na mkanda wenyewe uvuliwe. Bunduki ikirudi nyuma na pete ikagonga mfuko, mpigo huo unakwenda kando, na wengi huilaumu darubini bure.

Mfuko wa nyuma naujaza mchanga uliooshwa, ukachekechwa na kuanikwa mpaka ukauke kabisa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi na chuma havipatani. Ujaze mpaka ukiubonyeza kwa ngumi ubonyee kidogo tu. Mfuko uliolegea unaendelea kushuka taratibu wakati wewe unalenga.

Mdomo wa mtutu uvuke ukingo wa meza kwa sentimita 15 au zaidi. Ukiishia juu ya meza, mlipuko wa gesi unarusha vumbi na kung'oa matandiko. Kwa bastola ya silinda hatari iko ubavuni pia: gesi inayotoka kati ya silinda na mtutu inachana kitambaa na inaweza kujeruhi vidole, kwa hiyo kusiwe na mfuko wala mkono mahali hapo.

Ukingo wa meza na vipengo vya rafu ya kusimamishia bunduki navifunika kwa mirija ya sponji ya kufunikia mabomba ya maji, ile inayouzwa ikiwa imechanwa upande mmoja. Inavalishwa na kuvuliwa kwa sekunde. Zulia la pamba au sufu nimelikataa moja kwa moja, maana linashika unyevu, changarawe na baruti isiyoungua.

Kiti nacho kina lake. Vigoda vya zege huwa chini mno, na mpigaji anaishia kujikunja juu ya meza. Ukiinama hivyo kitako kinakaa kwenye mfupa wa mtulinga badala ya nyama ya bega, jicho linaisogelea darubini, na teke la bunduki, yaani msukumo wake wa kurudi nyuma, likija, darubini inakupasua nyusi. Nainua kiti kwa kipande cha plaiwudi chenye sponji ngumu ya sentimita tano, kisha nainua kiegemeo mpaka jicho liifikie darubini bila shingo kunyooshwa. Nyayo zote mbili zikanyage chini.

Kuhusu teke la bunduki kubwa, pedi ya bega inatosha. Vile viegemeo vinavyoibana bunduki na kuwekewa uzito mkubwa nakuonya navyo: nguvu isiyopata pa kwenda huishia kwenye shingo ya kitako, na mbao hupasuka hapo, au skrubu za darubini hulegea.

Haya yote yapangwe bunduki ikiwa bado ndani ya begi. Wakati wa kusitisha mapigo, bunduki ibaki mezani chemba, yaani chumba cha risasi, ikiwa wazi na tupu, mdomo ukielekea shabaha, na wewe usiiguse, hata kama ni kusogeza tu kitambaa kilichojikunja.

Vipande hivi hukusanya vumbi la madini ya risasi, ambalo ni sumu. Usivikung'ute ndani ya nyumba wala kwenye gari. Mimi huvifuta kwa kitambaa kibichi chenye sabuni, hunawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, na vipande husafiri kwenye mfuko wao wa plastiki. Bunduki ikifika nyumbani hutoka begini siku hiyo hiyo, ikafutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na kufungiwa kabatini. Sponji ya begi inashika jasho la mikono na umande, na kutu huanza pale pale sponji inapogusana na chuma.