Mshtarii haipigwi picha saa ya ugali

Msimu mzima wa sayari ya Mshtarii (Jupita), kuanzia Novemba 2024 mpaka mvua za Machi, picha zangu zilikuwa zinatoka vilevile kila usiku. Duara la rangi ya chai ya maziwa, na michirizi miwili imefifia kama mtu ameipangusa na kitambaa kibichi. Nikaamini kioo cha darubini kimeharibika. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama Nairobi, nikapanda nayo matatu mpaka Nakuru nimeipakata kama mtoto, konda akanilipisha siti mbili na nikalipa bila kubishana, kwa hivyo nilipoona picha ni uji nikasema ni yale matuta ya barabarani ndio yametingisha vioo.

Nikaanza kunyoosha vioo. Ndani ya hiyo paipu kuna vioo viwili, kikubwa cha milimita 150 kiko chini na kidogo kiko juu kimelazwa upande, na lazima viangaliane sawasawa. Unalenga nyota inayong'aa, unaharibu fokasi makusudi mpaka nyota ivimbe iwe kama pete yenye tundu, alafu unazungusha skurubu tatu za nyuma pole pole mpaka tundu likae katikati kabisa. Nilizungusha usiku hata tatu. Tundu likakaa katikati. Picha bado uji.

Kilichonifungua macho ni kuacha kurekodi. Desemba iliyofuata usiku mmoja, saa tatu hivi, niliwasha kamera nikakaa tu nikiangalia Mshtarii kwa laptopu. Ukingo wake ulikuwa unachemka. Yaani unajua vile mchana wa jua kali ukiangalia lami mbali mbele unaona inatetemeka kama maji? Ndivyo ilivyokuwa. Dakika tano nzima nikiangalia ule mchemko ndio nikainua macho kutoka kwa skrini na kufuata darubini imeelekea wapi. Imeelekea juu ya mabati ya ploti ya jirani. Na saa hiyo kila nyumba pale inasonga ugali, hakuna dari, joto lote la majiko linapanda kupitia hayo mabati, na mimi napiga picha sayari katikati ya hilo joto. Nikainama nikaweka kiganja kwa simiti ya uwanja pale nilipokuwa nimesimamisha darubini. Bado ilikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Jua lote la mchana lilikuwa bado linatoka pale chini, mbele ya kioo changu.

Kioo kilikuwa kizima muda wote huo.

Asubuhi nikaenda kwa shosho, mamake mwenye ploti, ambaye ana kashamba kake ka sukuma wiki nyuma ya tangi la maji. Nikamwambia, shosho, naomba nisimamishe darubini yangu pale kwa mboga zako usiku. Akaniuliza darubini inakula nini. Nikamwambia haili kitu. "Basi simamisha mjukuu wangu, mradi usinikanyagie miche." Udongo wenye majani unapoa haraka kuliko simiti, na kutoka pale nikiangalia kaskazini hakuna nyumba karibu, ni anga wazi mpaka mlima Menengai.

Hapa nataka wenzangu wa mjini wanisikie vizuri kwa sababu wengi huniandikia ati hawawezi kwa sababu ya taa. Mimi niko Free Area, mtaa wa hapa Nakuru, kuna mulika mwizi inanimulikia geti usiku kucha, na kwa sayari haijalishi hata kidogo. Taa za mji zinaua nebula (mawingu ya gesi ya angani) na galaksi, vitu hafifu. Mshtarii inang'aa kuliko nyota yoyote ya usiku, huwezi kuifichia na taa ya barabarani. Adui wa picha ya sayari ni hewa inayocheza, basi. Na kwa hewa sisi tumebarikiwa kweli kweli. Kibao cha Ikweta pale Mogotio ni kilomita 30 na kitu kutoka hapa, na hiyo inamaanisha kila sayari ikifika kilele cha njia yake inakuwa juu sana, zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo, mwaka wowote. Walio Uingereza miaka kama 2019 walikuwa wanaipata Mshtarii imelala chini karibu na paa za nyumba, wanaipiga kupitia hewa nene ajabu. Sisi tunaangalia juu tu. Septemba 2025 Zohali (Saturn), ile wengine shuleni tuliita Sarateni, ilipita karibu utosini kabisa, pete zake zimelala mpaka zikawa kama msumari uliochomwa katikati ya tufe. Shida yake ni kwamba darubini ya stendi ya mbao kama yangu ni ngumu kuzungusha ikielekezwa utosini, inabidi usubiri sayari iteremke magharibi kidogo.

Sasa tuje kwa Januari. Mshtarii ilikuwa mkabala na jua tarehe 10 Januari 2026, yaani karibu nasi na inaonekana usiku kucha. Wiki mbili baadaye anga ikawa safi, upepo ukatulia. Nilitoa darubini jioni ikapoe nje, nikalala, nikaamka saa saba usiku. Baridi ya Nakuru mnaijua. Majiko yote yamezimika zamani, hata mbwa wametulia. Nikaweka lenzi ya kuzidisha mara mbili, nikaweka kamera, nikazungusha fokasi kidogo kidogo, na ukingo wa Mshtarii ukasimama. Haukuchemka. Ulikuwa unapumua tu, sekunde mbili unafifia, sekunde mbili umekatwa kama kwa wembe, na kila ukikatwa hivyo naona mikanda ikiwa na vinundu na mikunjo ndani yake, pale pale kwa skrini kabla sijagusa programu yoyote. Mikono ilinitetemeka na sio baridi.

Stendi yangu haina mota, kwa hivyo sayari inavuka skrini kwa nusu dakika hivi alafu imeenda. Nikawa nairekodi ikivuka, nasukuma darubini mbele, nangoja itulie, narekodi tena, mara nne ndani ya dakika tatu. Zaidi ya hapo huwezi kuunganisha kwa sababu Mshtarii inajizungusha mara moja kwa chini ya saa 10, ukichelewa sura imeshageuka. Nikapata fremu, yaani picha moja moja za video, kama 7,000. Asubuhi nikapitisha kwa PIPP iziweke katikati, nikapeleka AutoStakkert izipange kwa ubora, nikachukua asilimia 15 tu za juu zikalaliane kuwa picha moja. Zote ni programu za bure. Kwa RegiStax nikasukuma kile kitelezi cha pili cha kunoa picha pole pole, na Doa Jekundu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, likaja. Pembeni yake kidoti cheusi, cha duara, kidogo kama ncha ya penseli. Kivuli cha Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii. Tafadhali mkifika kwa hicho kitelezi msisukume mpaka mwisho, naona watu wanaharibu data nzuri sana wanaigeuza peremende.

Nilipeleka laptopu kwa shosho akiwa anakunywa chai. Akagusa skrini na kucha, akauliza kama hicho cheusi ni uchafu. Nikamwambia ni kivuli cha mwezi wa ile nyota inayokaa juu ya Menengai, uko kule juu unapita mbele ya jua lake. Akanyamaza. Baadaye akasema, "Usiku mwingine uniamshe."

Nimemwamsha mara mbili. Mara ya kwanza mawingu yalifunika mlima wote tukarudi kulala. Mara ya pili nilitoa kamera nikamwekea lenzi ya macho, akakaa kwa stuli na leso mabegani, akaangalia muda mrefu bila kusema neno, alafu akaihesabu ile miezi minne mikubwa ya Mshtarii mmoja mmoja kwa sauti, kwa Kikuyu.