Mzee wa Kongwa na karatasi za Willy Gamba

Januari 1995 nilikuwa Dodoma kwa mjomba, nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mjomba hakupenda kuona kijana amekaa bure, akanipa sindano: kushona vifungo na kupiga pindo za kaptula kwenye kibaraza chake, jirani na soko la Majengo. Januari ndiyo msimu wa fundi cherehani. Shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sare, na kila sare inatakiwa kesho asubuhi.

Kazi iliyonipa heshima pale kibarazani lakini ilikuwa nyingine. Nilikuwa msomaji. Mjomba alipenda riwaya kupita kiasi, ila macho yake na mikono yake vilikuwa kwenye kitambaa kutwa nzima, kwa hiyo alisomewa. Kitabu cha siku zile kilikuwa *Kufa na Kupona* cha A. E. Musiba, nakala iliyochakaa ambayo mjomba mwenyewe aliishona mgongo kwa uzi wa kaki. Mwenye nakala alikuwa karani wa reli, na masharti yake yalikuwa mazito: kitabu kisitoke kibarazani, na tusianze kusoma kabla yeye hajatoka kazini. Akichelewa, tunamngoja kama bwana harusi.

Kwa asiyekijua, kitabu hicho kilitoka mwaka 1974. Mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata karatasi za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Baada ya hapo ni mbio, ngumi, bastola na warembo. Sisi vijana tulimjua Willy kuliko tulivyomjua diwani wetu.

Mjomba alikuwa anatoa maoni yake kwa miguu. Cherehani yake ilikuwa Singer ya kukanyaga, na nikifika penye kufukuzana, miguu inaongeza kasi mwenyewe hana habari. Jioni ninayoikumbuka Willy alikuwa amebanwa vibaya, nami nasoma mbio mbio, nikasikia cherehani inalia mfululizo kisha ikanyamaza. Mjomba akainua kaptula ya mtoto wa watu. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshonwa ukafungwa kabisa, hata mjusi asingepita. Akaikodolea macho, akacheka, akachukua wembe wa kufumulia.

"Wewe soma. Hii nitaifumua. Kapona?"

"Atapona tu," karani akadakia. "Si yumo kwenye kile kitabu kingine, *Njama*? Nimekisoma, yumo mzima anadunda."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mjomba alisema karani amemharibia. Karani akasema hakuna cha kuharibu, kila mtu anajua shujaa hafi. Kinachomkera yeye ni kwamba jamaa anapigwa kichwani usiku, asubuhi yake yuko hotelini amependeza, anachagua chakula. "Reli ikimpiga mtu pasi ya namna hiyo," akasema, "tunaandika ripoti kurasa tatu na anapewa mapumziko." Dada mmoja muuguzi, aliyekuja kupunguziwa gauni la kazi kiunoni, alimuunga mkono kuhusu kichwa, halafu akaongeza la kwake: mbona wanawake wa humu wote ni wazuri? Hakuna hata mmoja mwenye kipele? Na mbona akitokea mzuri zaidi ya wenzake, tayari unajua ama ni adui ama atauawa? Mjomba akamjibu kwamba mwanamke mwenye kipele hawezi kumchelewesha Willy, na kitabu kisichomchelewesha Willy hata kidogo kingeisha ukurasa wa kumi. Nilimwona dada anatafuta jibu, halipati, na hajakubali vilevile. Mpaka leo naona dada alikuwa na hoja, na mjomba naye alikuwa anaijua kazi ya mwandishi bila kufundishwa.

Pembeni kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja. Alikuwa amewasili mchana, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akatoa suruali ya tetroni itiwe kiraka, akakaa kuingoja. Hakuwa ametia neno. Sasa akaniuliza:

"Mjukuu wangu, hizo karatasi zimeandikwa nini?"

"Siri za wapigania uhuru, Mzee."

"Siri gani? Majina ya watu?"

Nikamwambia huenda na majina yamo. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Kwetu zile karatasi zilikuwa kisingizio tu cha kumtia Willy njiani. Zingekuwa risiti za duka la sukari tungesoma kwa hamu ile ile.

"Mimi ni wa Kongwa," akasema mzee. "Vijana hao waliletwa kwetu miaka ya sitini, wakawekwa kule Waingereza walikokuwa na mradi wao wa karanga. Wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Namibia, wa Angola, wa Rhodesia, kila chama na upande wake. Mama yangu aliwauzia maziwa. Yupo mmoja tulicheza naye mpira, kanipa jina, kumbe si lake. La kwao silijui hadi leo."

Karani akamwambia, kwa adabu tu, kwamba hayo yamekwisha: Mandela ameapishwa mwaka jana, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, nayo imefungwa kwa sababu kazi imekamilika.

"Wengine wamezikwa kule kule Kongwa," mzee akamjibu. "Kwao hawakufika."

Kisha akakikosoa kitabu, na ukosoaji wake haukufanana na wetu. Alisema kinakimbia mno. Vijana aliowaona yeye walikimbia asubuhi tu, mchakamchaka. Baada ya hapo wanalima, wanapika, wanangoja. Mwaka unakatika, wanangoja safari ya kwenda vitani. Na siri yenyewe haikulindwa na mtu mwenye bastola. Wauza mbuzi walijua, wauza maziwa walijua, watoto walijua, na mgeni akiuliza kuna nini kule, anaambiwa kuna karanga.

Mjomba alikuwa ameacha kukanyaga. Mimi moyoni nilikuwa bado upande wake, na kwa kweli bado niko: kitabu cha watu wanaongoja miaka mitano kisingesomeka pale kibarazani huku wazazi wanadai sare. Lakini niliporudi kwenye ukurasa, kila nikikutana na neno "karatasi" nilikuwa natazama benchi.

Jua likawa linatua na mzee ana basi la Kongwa. Akakiomba kitabu. Karani akakataa. Mzee akaomba tena. Karani akataja masharti yake yote. Mzee akaichukua suruali iliyokwisha kutiwa kiraka na kupigwa pasi, akaiweka juu ya meza ya kukatia. "Rehani," akasema. "Hii ndiyo ya kanisani." Karani alitutazama mmoja mmoja, hakupata mtetezi, kitabu kikaondoka.

Suruali ilikaa kwenye msumari mpaka ikashika vumbi la Dodoma, na mjomba kila jioni anamlaumu karani kwa roho yake nzuri. Mzee aliporudi, kitabu kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti. Karani akakikagua ukurasa kwa ukurasa, akakuta doa la mafuta ya taa, akalinyamazia.

"Unaonaje, Mzee?" nikamuuliza.

"Kijana kazi anaijua. Ila anakunywa kuliko anavyokula. Angepitia Kongwa tungemlisha." Akaitupia suruali begani, akamgeukia mjomba. "Na zile karatasi, mwishoni..."

"Usiseme, Mzee!" Mjomba akaziba masikio kwa mikono miwili, futi ikaning'inia shingoni. Mzee akakaa kwenye benchi, akasubiri mjomba aiondoe mikono, akamsimulia mwisho wote.