Umri wa kitabu hausomwi kwenye jalada

Meza ya vitabu vya mitumba haina mpangilio wa maktaba. Kitabu cha Mau Mau kimelalia kitabu cha PostgreSQL, programu ya kanzidata, na chini yao kuna kitabu kinene cha magonjwa ya watoto chenye muhuri wa maktaba ya chuo fulani cha ng'ambo. Vyote bei moja, na muuzaji anaapa kwamba vyote "bado vipya". Kimoja kinaweza kukupotezea usiku mzima mbele ya kompyuta. Kingine kinaweza kumdhuru mtoto. Cha tatu huenda kina thamani kubwa leo kuliko siku kilipotoka kiwandani. Kuvitofautisha kunachukua dakika tano ukijua pa kufungua.

Anza nyuma ya ukurasa wa jina, kwenye taarifa za haki na uchapaji. Hapo watu wengi huchanganya toleo na chapa. Toleo jipya lina maana kwamba maandishi yamepitiwa. Chapa mpya ina maana kwamba mashine imewashwa tena, basi. Kitabu kilichoandikwa "Toleo la kwanza 1998, chapa ya saba 2014" ni kitabu cha 1998, hata kama karatasi bado inanukia wino. Vitabu vingi vya Kiingereza huweka mstari wa namba, kwa mfano 10 9 8 7 6 5 4 3. Namba ndogo iliyobaki ndiyo chapa, kwa hiyo hapo unashika chapa ya tatu. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, nayo inasema kitu: ikiwa ina tarakimu 10 tu, bila 978 mbele, kwa kawaida kitabu hicho kilichapwa kabla mfumo wa tarakimu 13 haujaanza mwaka 2007. (Ukikuta 9966 ndani ya namba hiyo, mchapishaji ni wa Kenya, 9976 au 9987, wa Tanzania.)

Ila ukurasa huo hausemi kila kitu. Wachapishaji hupenda kuandika "toleo jipya" kwa sababu ya dibaji ya kurasa nne na picha nyingine ya jalada. Ndiyo maana mimi huamini zaidi kurasa za mwisho, yaani faharasa. Chagua maneno mawili au matatu ambayo yasingeweza kuwemo kabla ya mwaka fulani, kisha uyatafute. Maneno hayo hutegemea fani.

Kwa PostgreSQL, tafuta pg_wal, jina la folda. Ukikuta pg_xlog badala yake, kitabu kiliandikwa kabla ya toleo la 10, la mwaka 2017, ambapo folda hiyo ilibadilishwa jina. Kisha tafuta recovery.conf. Faili hilo liliondolewa kwenye toleo la 12, mwaka 2019, na mipangilio yake ikahamia kwenye postgresql.conf pamoja na faili tupu liitwalo standby.signal au recovery.signal. Anayefuata kitabu cha zamani neno kwa neno, akaliweka recovery.conf kwenye seva ya toleo la 12 au la baadaye, seva itakataa kuwaka. Hilo angalau ni kosa lenye adabu, kwa sababu linakuambia umekosea nini.

Toleo la 15, la 2022, limewaliza wengi zaidi. Vitabu vyote vya awali humwonyesha mwanafunzi akitengeneza mtumiaji mpya kisha jedwali lake la kwanza, na jedwali linakubali. Siku hizi jibu ni "permission denied for schema public", kwa kuwa ruhusa ya kila mtu kutengeneza vitu kwenye public, skima ya pamoja (skima ni kama kabati la kuwekea majedwali), imeondolewa. Dawa yake ni kumpa mtumiaji huyo skima yake mwenyewe, au kutoa ruhusa kwa GRANT CREATE ON SCHEMA public. Kinachochanganya ni kwamba kanzidata iliyopandishwa kutoka toleo la chini hubaki na ruhusa zake za zamani, hivyo amri ileile itakubali kwenye seva ya ofisini na kugoma kwenye kompyuta yako ya nyumbani.

Makosa yasiyopiga kelele ndiyo mabaya. Hadi toleo la 11, sehemu ya WITH, yaani ulizo dogo linaloandikwa mwanzoni mwa ulizo kubwa, ilikuwa ukuta: Postgres iliifanya peke yake kwanza, ikahifadhi matokeo, ndipo ikaendelea. Vitabu vya wakati huo hufundisha kuitumia makusudi ili kumzuia mpangaji wa maulizo asivuke. Kuanzia toleo la 12, WITH iliyotajwa mara moja tu na isiyo na madhara ya pembeni huyeyushwa ndani ya ulizo kubwa. Ujanja wa kitabu haufanyi kazi tena, na hakuna ujumbe wowote. Ukiutaka ukuta ule, andika AS MATERIALIZED.

MySQL, programu nyingine ya kanzidata, ina mitego yake. Kitabu chenye sura nzima juu ya query cache, yaani hifadhi ya majibu ya maulizo yaliyokwisha kuulizwa, ni cha kabla ya toleo la 8.0, la 2018. Ukiandika query_cache_size kwenye faili la mipangilio la 8.0, seva haiwaki. GRANT yenye IDENTIFIED BY nayo imeondoka, sharti uanze na CREATE USER. Ila tatizo lililodumu kimyakimya ni CHECK. Kabla ya 8.0.16, MySQL iliipokea amri ya kuzuia, tuseme, bei isiwe chini ya sifuri, ikaitikia vizuri, kisha ikaipuuza. Kwa hiyo hatari inakuja kwa pande zote mbili: kitabu kipya juu ya seva kuukuu ni kibaya sawa na kitabu kikuukuu juu ya seva mpya. Andika SELECT VERSION() kabla ya kufungua pochi, kisha ununue kitabu kinacholingana na jibu.

Sura za nadharia, hata hivyo, hazina haraka ya kuzeeka. Mtaalamu wa kompyuta Edgar Codd alitoa makala yake ya mfumo wa majedwali yenye uhusiano mwaka 1970, na maelezo mazuri ya kuyagawa majedwali, ya miamala na ya mti wa B (muundo wa kutafuta data upesi) yaliyoandikwa miaka ya tisini bado yanafaa. Kitabu cha nadharia nunua kikuukuu, hata kama jalada limechanika. Cha amri, soma nyaraka rasmi za toleo lako. Ni za bure.

Sasa dawa za watoto. Hapa sina mzaha na kitabu cha bei rahisi. Namba zinazofuata ni za kukipima kitabu, si za kumtibu mtoto. Dozi hutoka kwenye mwongozo wa wizara unaotumika sasa.

Fungua sura ya kuharisha na usome viambato vya ORS, dawa ya kuongeza maji mwilini, ya lita moja. Mchanganyiko wa zamani una gramu 3.5 za chumvi na gramu 20 za glukosi. Ule ambao WHO na UNICEF walihamia mwanzoni mwa miaka ya 2000 una gramu 2.6 za chumvi na 13.5 za glukosi, na uzito wote wa pakiti ni gramu 20.5. Sababu ni kwamba ule wa awali ulikuwa mkali kupita kiasi: maji hunyonywa vizuri utumboni mchanganyiko unapokuwa mwepesi, na kutapika na kuharisha kwa mtoto hupungua. Halafu tafuta zinki. Tamko la pamoja la mashirika hayo mawili la mwaka 2004 liliweka miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Kitabu kinachozungumzia kuharisha bila kutaja zinki kimepitwa, kirudishe mezani.

Malaria kali ndiyo kipimo changu cha pili. Kitabu kinachotaja kwinini ya dripu kama dawa ya kwanza ni cha kabla ya jaribio la AQUAMAT, lililotangazwa mwaka 2010 baada ya kuhusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesunati, dawa ya sindano, asilimia 8.5. Lakini hata atesunati ina umri. Dozi ya kwanza kuenea ilikuwa miligramu 2.4 kwa kilo, saa 0, 12 na 24. Mwaka 2015 WHO ilipandisha ya mtoto wa chini ya kilo 20 hadi miligramu 3 kwa kilo, kwa kuwa mtoto mdogo huiondoa dawa hiyo mwilini upesi na kiasi kinachobaki kwenye damu kilikuwa kidogo. Kitabu cha 2013 kinaweza kuwa sahihi kwa kila kitu kuhusu sindano hiyo isipokuwa namba.

Kipimo cha tatu hupenda kusahaulika, nacho kilizaliwa hapahapa. Kwa miaka mingi vitabu vya Ulaya na Marekani vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu apewe dripu ya haraka, mililita 20 kwa kilo, kisha irudiwe. Jaribio la FEAST lilifanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141, na matokeo yakatoka mwaka 2011: ndani ya saa 48, vifo katika makundi mawili yaliyopewa dripu ya haraka vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5, na katika kundi lisilopewa, asilimia 7.3. Angalia kama kitabu kinalitaja. Angalia pia kama kinalitaja vizuri, maana wapo walioligeuza kuwa "usimpe mtoto dripu". Watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha hawakuwemo kwenye jaribio. Mpango wao wa mililita 100 kwa kilo umebaki vilevile: 30 za kwanza kwa saa moja na 70 kwa saa tano ikiwa hajafikisha mwaka, kwa aliyevuka mwaka, nusu saa kisha saa mbili na nusu.

Utapiamlo una kipimo rahisi kuliko vyote. Utepe wa mkono kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59: mpaka wa utapiamlo mkali ukiwa sentimita 11, kitabu ni cha kabla ya 2009. Sasa ni 11.5. Nusu sentimita hiyo si kitu kidogo. Mtoto wa sentimita 11.2 aliyekuwa akirudishwa nyumbani sasa anaingizwa kwenye matibabu.

Nimonia: ukiona septrini imewekwa mbele ya amoksilini, funga. Lakini hesabu ya pumzi haijazeeka hata kidogo. Pumzi 60 kwa dakika chini ya miezi miwili, 50 hadi kabla ya mwaka, 40 kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, zihesabiwe kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Vivyo hivyo sura za kumpima mtoto kwa macho na mikono, ngozi ya tumbo inavyorudi ikifinywa, mbavu zinavyoingia ndani akivuta hewa. Ndiyo maana sishauri kuvichoma vitabu vya zamani vya fani hii. Vichanwe sura za dozi, zilizobaki zisomwe.

Historia ya siasa inavuruga hesabu hii yote. Huku mwaka wa kitabu hauonyeshi kama kimeharibika, unaonyesha mwandishi aliruhusiwa kuona nini. Uingereza ilikuwa na kanuni ya kufungua mafaili ya serikali baada ya miaka 30, ambayo kuanzia 2013 ilipunguzwa hatua kwa hatua hadi 20. Na kuna mafaili yaliyokaa nje kabisa ya kanuni. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiwa mahakamani London, serikali hiyo ilikiri kuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni 37 yaliyofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mafaili hayo yamehamishiwa hifadhi ya taifa ya Kew, kwa alama FCO 141. Basi kwa kitabu chochote cha Hali ya Hatari Kenya, usisome sura ya kwanza. Nenda kwenye tanbihi utafute FCO 141. Isipokuwepo na kitabu ni cha baada ya 2013, mwandishi hakufanya kazi yake. Kama ni cha 2005, haikuwa rahisi kwake, na pengine alipita njia ngumu zaidi ya kuwasikiliza wazee wenyewe.

Maji Maji ni mfano ulio wazi kuliko huo. Kitabu kinachotaja waliokufa kuwa 75,000 kinarudia hesabu ya Wajerumani. Kinachotaja 250,000 hadi 300,000 kinamfuata mwanahistoria Gilbert Gwassa, na nyuma ya mjadala huo kuna kazi ya mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuandika simulizi za wazee. Wakati huohuo, kitabu ambacho gavana wa Kijerumani von Götzen alikitoa mwaka 1909 kuhusu vita hivyo hakitupwi na mwanahistoria yeyote, ijapokuwa kinamtetea mwandishi wake kila ukurasa. Kinasomwa kama shahidi wa upande mmoja.

Pale ukurasa wa mwaka umeng'olewa, majina ya nchi hukusaidia. Zaire ni kati ya 1971 na 1997. Na ukikuta kijitabu kinachosema "Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar" kama jina la nchi ya siku hiyo, usikiache mezani: jina hilo lilitumika kuanzia Aprili 26 hadi mwishoni mwa Oktoba 1964, miezi sita tu, na muuzaji pengine anakiuza kwa bei ileile ya kile cha MySQL.