Haki ya Alama Huanzia Kwenye Swali

Muhula uliopita nilisahihisha vitabu vya majibu 118 vya darasa langu la jioni, hapa Nairobi, kwa siku nne mfululizo. Alama nilikuwa nikiziandika kwenye karatasi ya pembeni, kwa hiyo nilipomaliza niliweza kuchomoa vitabu kumi na kuvisahihisha upya bila kuziona. Insha moja niliyoipa 14 kati ya 20 mara ya kwanza niliipa 10 mara ya pili. Mwandishi wake hakuwa amebadilisha hata nukta. Niliyebadilika ni mimi.

Alama nne si jambo dogo. Katika vyuo vyetu vingi, ambako mtihani wa mwisho hubeba 70 katika kila 100 na majaribio ya muhula hubeba 30, zinatosha kumtoa mwanafunzi kwenye 61 na kumshusha hadi 57, naye asijue kamwe kwamba kilichomponza ni uchovu wa mhadhiri wake.

Tatizo hili lina umri mrefu. Mwaka wa 1912 na 1913, watafiti Daniel Starch na Edward Elliott waliwatumia walimu wengi wa Marekani, kwa kila somo, nakala za karatasi ileile ya majibu ili kila mmoja aisahihishe peke yake. Tumezoea kudhani kwamba hesabu haina ubishi, lakini jiometri ndiyo iliyowatenganisha zaidi: kuna walioipa karatasi hiyo chini ya 30 na walioipa zaidi ya 90. Walimu hao hawakuwa wazembe. Hawakuwa wamekubaliana tangu mwanzo ni kitu gani kinacholipwa alama, na hata unadhifu wa kazi wengine waliuhesabu na wengine wakaupuuza.

Ndiyo maana siku hizi mwongozo wa kusahihisha nauandika siku ileile ninayotunga swali. Nikishindwa kueleza jibu la alama 20 linapaswa kuwa na nini, basi swali lenyewe halijaiva, na mara nyingi kosa huwa katika neno "Jadili", ambalo tunalitupa mwanzoni mwa swali bila kumwambia mwanafunzi kama tunataka alinganishe, atetee msimamo au aeleze tu alichosoma. Swali langu la mwisho la insha liligawa alama hivi: 6 za kueleza dhana, 8 za ushahidi, 6 za jinsi hoja zinavyoshikana. Wanafunzi waliuona mgawanyo huo kabla ya kuandika, na sioni sababu ya kuuficha.

Kusahihisha nako kumebadilika. Nasahihisha swali la kwanza katika vitabu vyote, kisha navichanganya kabla ya kwenda la pili, ili aliyekuwa wa mwisho asibaki wa mwisho daima. Jalada nalikunja, kwa sababu hata nambari ya usajili hunionyesha nani anarudia somo. Mwenzangu anayefundisha kundi la mchana husoma nami vitabu vitano kabla hatujaanza. Tukipishana, tunarekebisha maneno ya mwongozo hadi tuelewane. Mtahini wa nje, yaani mhadhiri wa chuo kingine anayekagua usahihishaji wetu, ana kazi yake muhimu, lakini anaposoma sampuli ya vitabu swali bovu limekwisha kujibiwa na darasa zima.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinijia na jaribio lake la muhula, akauliza, "Mwalimu, ushahidi nimepewa 3 tu kati ya 8. Nilikosea wapi?" Zamani ningemjibu kwamba insha ilikuwa hafifu kwa jumla. Safari hii tuliusoma mwongozo pamoja, mstari kwa mstari, tukakuta mfano wake wa pili ulitimiza kigezo nilichokuwa nimekipita. Nikamwongezea alama mbili, nikaandika sababu pembeni, kisha nikaanza kukitafuta kigezo hicho katika vitabu vya wenzake wote.