Kabla hujang'oa silinda, kata filta ya oili

Geji ikisoma 62 kwa 80 kwenye silinda moja ya injini ya ndege ndogo, yaani kati ya psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba) za hewa iliyopewa imeshika 62, wengi huanza kuhesabu gharama ya silinda mpya papo hapo. Subiri. Kipimo cha kompresheni kinasema jambo moja tu: hewa inavuja kiasi gani juu ya pistoni, kwa dakika hiyo. Kuhusu kamshafti (mhimili unaofungua vali), tapeti zinazosukumwa nayo na beringi hakisemi chochote, na uchakavu wa huko ndio unaolazimisha injini nzima ifunguliwe.

Kipimo chenyewe kifanywe injini ikiwa ya moto, mara tu baada ya kuizima. Toa plagi moja kwa kila silinda. Zima magneto zote mbili (vifaa vinavyozalisha cheche ya plagi), ila usiziamini: waya wa kuzimia ukiwa umekatika, magneto ni hai hata swichi ikisema imezimwa. Mtu wa pili ashike propela muda wote. Pistoni yenye kipenyo cha inchi 5.125, kama zile za injini za Lycoming O-320 na O-360, ikipewa psi 80 inasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 750. Ikiwa haijakaa juu kabisa, bawa la propela litachapa. Kwa hiyo anza na psi 20 hivi, tafuta kilele kwa kuzungusha propela upande wake wa kawaida, ndipo upandishe hadi 80. Ukipitiliza, shusha hewa, rudisha propela bawa moja zima nyuma, uje upya. Bila hivyo ringi za pistoni hazikai vizuri kwenye mifereji yake na namba itakudanganya.

Sasa sikiliza, maana sikio hapa lina kazi kuliko geji. Mvumo kwenye bomba la ekzosi ni vali ya kutolea moshi. Kwenye kabureta ni vali ya kuingizia hewa. Kwenye tundu la kujazia oili ni ringi au ukuta wa silinda. Kuvuja kwa ringi mara nyingi si kifo: huenda mianya ya ringi imepangana tu kwa wakati huo. Rusha ndege saa chache, pima tena. Lycoming wanataka uchunguzi zaidi silinda ikishuka chini ya 60, au zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe kwa psi 10 hadi 15. Continental, watengenezaji wengine wa injini, wana utaratibu wao wa kulinganisha na tundu maalumu la kipimo, na silinda zao zinaweza kukubalika zikiwa chini ya 60. Usichukue kanuni ya mmoja ukamhukumu mwenzake.

Vali ya ekzosi ni habari nyingine. Ikivuja, ingiza kamera ya borosikopu (kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya silinda) siku hiyohiyo. Uso wa vali nzima una rangi zilizojipanga kwa duara, nyekundu-kahawia katikati, pete zinazolingana hadi ukingoni. Inayoungua hupoteza ulinganifu huo: sehemu moja ya ukingo ina rangi tofauti, mara nyingi yenye ukijani, kama kipande kilichomegwa kwenye duara. Hapo haigusi kiti chake sawasawa na joto halina pa kutokea. Na vali ya namna hii inaweza kabisa kusoma zaidi ya 70, ndiyo maana picha inafaa ipigwe kila ukaguzi hata kama namba ni nzuri.

Halafu filta. Ikate kwa kikatio cha kuzunguka, kamwe si kwa msumeno, kwani msumeno utakuachia vumbi la chuma lake mwenyewe. Kata karatasi kwenye ncha zote mbili, itoe, ikamue kwenye jiliwa, kisha ikunjue mkunjo kwa mkunjo chini ya mwanga mkali ulioinamishwa. Punje nyeusi inayosagika kwa ukucha ni kaboni, iache. Isiyosagika, ipitishie sumaku. Vipande bapa vinavyometa na kushikwa na sumaku vinaelekeza kwenye tapeti na kamshafti. Rangi ya kijivu isiyoshikwa ni alumini, huenda vizibo vya pini ya pistoni au pistoni zenyewe. Rangi ya shaba ni bushi, yaani beringi ndogo za mviringo. Fungua na kichujio cha kunyonyea oili kilicho chini ya sampu (bakuli la oili la injini), kwa sababu vipande vikubwa hukwama huko na havifiki kwenye filta.

Sampuli ya maabara ichukuliwe oili ikiwa moto, katikati ya kuimwaga, na uandike saa ilizotumika na kiasi ulichoongeza. Ripoti moja haina maana kubwa, mfululizo ndio wenye maana. Risasi nyingi isikutishe, inatoka kwenye 100LL, petroli ya ndege yenye risasi. Silikoni ikipanda pamoja na chuma na kromu, kagua filta ya hewa na viungio vyake: injini inakula vumbi.

Kuhusu kula oili, kikomo cha Lycoming ni 0.006 mara nguvu za farasi, mara 4, gawa kwa 7.4. Injini ya farasi 180 inapata karibu kwoti 0.58 kwa saa (kwoti moja ni pungufu kidogo ya lita), kiasi ambacho sisi tungeshaanza kutafuta sababu muda mrefu kabla ya kukifikia.

Ndege iliyokaa bila kuruka iangaliwe zaidi. Kamshafti ya Lycoming iko juu ya krankshafti, oili yote huchuruzika na kuiacha kavu, na kutu hupata nafasi. Filta ikionyesha vipande bapa, hapo kung'oa silinda kuna sababu, ili uzione kamu na nyuso za tapeti. Lakini ukishalegeza boliti pitilizi, zile zinazobana nusu mbili za injini, usizungushe krankshafti bila kuzibana tena kwa bamba maalumu: ganda la beringi kuu linaweza kuhama mahali pake, na utakuwa umeharibu injini ambayo pengine ilikuwa nzima.