Kigae kikubwa kinakaa kona

Mvua ya huku Uyole, Mbeya, leo haikutoa nafasi ya kutoka. Ukungu mpaka mlangoni, sisi tumezunguka jiko la mkaa.

Nikampa mtoto wa dada yangu simu acheze 2048. Ni ile gemu ya bure aliyoitengeneza kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, mwaka 2014. Ukitelezesha kidole, vigae vyote vinasogea upande huo, na kigae kipya kidogo kinaingia penye nafasi. Vigae viwili vyenye namba sawa vikikutana vinaungana: 2 na 2 vinakuwa 4, 4 na 4 vinakuwa 8, hivyo hivyo mpaka ufike 2048.

Mwanzo alitelezesha tu, huku na huku. Halafu akanyamaza.

Kidole kikabaki hewani juu ya kioo. Midomo inacheza, anahesabu.

Nikamwambia, "Peleka juu."

"Hapana mamdogo! Nikipeleka juu, 512 inatoka kwenye kona. Kadogo kataingia pale chini, nitakwama."

Jamani! Hakuna aliyemfundisha. Kagundua mwenyewe kwamba kigae kikubwa kinakaa kona na vingine vinapangwa pembeni yake kwa ukubwa. Na huyu ndiye ambaye hesabu za kuzidisha humtoa machozi (yuko darasa la tano). Leo kataja 2, 4, 8, 16 mpaka 1024 bila kugusa daftari.

Nilimkumbatia. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Nafasi zilijaa akiwa na 1024. Akaomba kuanza upya, nikakubali kabla hajamaliza kuomba.

Wenzangu, watoto wenu wanacheza chemsha bongo gani za bure? Nitajieni. Kesho namwonyesha Sudoku.